Nchi ya Kuzuru

Jumapili, 22 Februari 1998

Kitabu hiki cha shajara ni cha mwaka jana. Muuzaji wa Yide Lu, mtaa wa picha na kalenda, alinitupia bure baada ya kuvutana naye asubuhi nzima juu ya bei. Siku zake zimechapwa za 1997, kwa hiyo kila ukurasa umebaki nyuma siku moja. Nitakuwa nasahihisha kwa kalamu, maana cha bure hakitupwi.

Mimi ni Kazija, wa Kikwajuni, Unguja. Biashara yangu ni picha za ukutani: Makka, maporomoko ya maji, vikapu vya matunda, nyumba za Ulaya zenye theluji juu ya paa. Sebule nyingi za kwetu zina picha niliyoileta mimi. Zamani nilikuwa nakwenda Bangkok. Hapa Guangzhou, China, huu ni msimu wangu wa kwanza, na nitakaa hadi kontena lijae, baada ya Idi ya Hajj.

Ninayo kazi ya pili, na hiyo ndiyo hasa iliyonileta. Kaka yangu Ghalib alipanda meli miaka mitatu iliyopita. Alipiga simu mara moja tu kutoka Ulaya, akasema ana mafua, akacheka, na tangu hapo hatujasikia hata chafya yake. Mama ameniapisha nimuulize kila baharia wa Kiswahili nitakayekutana naye. Mkewe Ghalib, Swalha, anakaa nasi, si mke wala si mjane. Yupo mwalimu mmoja anayemposa, mtu wa heshima zake, na kadhi amesema wangoje habari. Hizo habari natakiwa nizipeleke mimi.

Jumanne, 24 Februari

Kuta zimeanza kutoka jasho. Nimepangusa, zimetoka tena.

Jumatano, 25 Februari

Nyumba yetu ya wageni iko nyuma ya msikiti wa zamani, na chumba nashirikiana na Benedicta wa Moshi, anayenunua nguo soko la Shisanhang. Leo karudi kutoka kanisani na kitu cheusi kwenye paji la uso. Nikamwambia ajipanguse, ana masizi. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Jamani dada Kazija, hayo masizi ndiyo niliyoyafuata!"

Kumbe ni Jumatano ya Majivu. Hatakula nyama mpaka Pasaka.

Mama mwenye nyumba, ambaye sote tunamwita laobanniang, ametuonyesha kwa mikono kwamba jasho hili la kuta ni la kila mwaka. Upepo wa kusini unarudi, unakuta nyumba bado ina baridi, basi nyumba inalia. Vigae vya sakafu vinateleza, kioo hakikuonyeshi sura, na viatu vyangu vya ngozi vimeota ukungu wa kijani.

Alhamisi, 26 Februari

Chini, kwenye chumba cha kulia, imebandikwa picha ambayo hata mimi naiuza. Ni ziwa la kijani, kisiwa kidogo katikati, na kanisa jeupe juu ya kisiwa. Yide Lu wanaiita Ruishi, yaani Uswisi. Kwao kila mlima wenye theluji ni Uswisi.

Leo chini ya picha ile alikaa mtu mzima mwenye kofia ya viua na mikono iliyokomazwa na kamba. Nikamwamkia, akaitika kwa Kiswahili cha Unguja. Anaitwa Haidar, wa Malindi, baharia anayesubiri meli bandarini Huangpu. Nikamuuliza hapo hapo kama aliwahi kukutana na Ghalib bin Sufian wa Kikwajuni, mrefu, mwenye pengo la mbele.

Alinitazama usoni. Kisha akageuka akaitazama picha.

"Hiyo si Uswisi," akasema. "Hiyo ni Slovenia. Ni nchi ya kuzuru."

"Mzee wangu, nimekuuliza mtu. Sikukuuliza nchi."

"Kwenye kisiwa kile pana kengele. Mgeni akifika huvuta kamba, kengele ikalia, naye akaomba analolitaka. Sababu ya kwanza ya kuizuru ndiyo hiyo."

Nikamsogezea kikombe cha chai. Hakukigusa.

Benedicta anasema huyo ni dalali wa viza. "Ukimsikiliza, dada, utauza mpaka kanga uliyoivaa." Nakubaliana naye. Na Kiswahili chake nacho! Mawaziri ndio wanaozuru nchi, tena redioni. Sisi wengine nchi tunazitembelea, na tunachozuru ni makaburi. Kakaa nje mpaka lugha imemchachia mdomoni.

Ijumaa, 27 Februari

Nguo nilizofua Jumatatu bado mbichi.

Jumatatu, 2 Machi

Haidar tena, pale pale. Sikumuuliza kitu. Akaanza mwenyewe.

"Sababu ya pili. Lipo ziwa linaloondoka. Mvua zikija linajaa, watu wanavua samaki. Kiangazi linazama ardhini lote, kwenye matundu, na watu wanakata majani pale walipokuwa wakipiga makasia."

"Na samaki?"

"Wanashuka nalo."

"Wanashuka wapi?"

"Chini. Nchi ile chini yake ni mapango. Unatembea juu unasikia maji yanazungumza, na huyaoni."

Mimi wauzaji nawajua. Muuzaji hutazama mkono wako, ule unaoshika pochi. Huyu ananitazama usoni na kungoja, na mimi sijui anangoja nini.

Alhamisi, 5 Machi

Haidar hakuwepo asubuhi. Viti vyote vya plastiki vilikuwa vimelowa umande, isipokuwa chake. Nikakipapasa kwa kiganja. Kilikuwa kikavu, na cha baridi kuliko vingine. Sikumwambia Benedicta.

Jumanne, 10 Machi

Ukungu. Mto hauonekani, daraja limeishia hewani. Yide Lu wauzaji wamewasha taa mchana na katoni zinabonyea ukizigusa.

Jioni tulikula pamoja, mimi, Benedicta, na Haidar ambaye hali. Akatoa sababu ya tatu. Ndani ya mapango ya Slovenia, anasema, yumo mnyama mfano wa mjusi, anaishi majini gizani, ngozi yake rangi ya ngozi ya Mzungu. Hana macho. Anaishi umri wa mtu, na anaweza kukaa miaka asile kitu. Wenyeji wanamwita samaki-mtu.

"Huyo amezidisha Kwaresma," Benedicta akasema, tukacheka sote wawili.

Haidar hakucheka. Nikamsogezea chai, akairudisha taratibu kwa ncha za vidole.

"Bado, mwanangu. Chai yako nitaidai mwenyewe."

Tangu aje sijamwona akitia kitu mdomoni. Nimemuuliza laobanniang kama hula mchana. Hakunielewa, akaniletea wali.

Jumatano, 11 Machi

Nimemuuliza tena, wazi, kuhusu Ghalib. Kanijibu, "Asiyejua maana haambiwi maana." Nikamwambia na asiyejibu akiulizwa hana adabu. Nikapanda juu.

Jumatano, 18 Machi

Benedicta naye sasa anamwogopa, ingawa anajitia kucheka. Leo Haidar katueleza juu ya mwezi wa Novemba. Siku ya mwanzo ya mwezi, anasema, makaburi yote ya nchi ile huwashwa mishumaa ndani ya vyupa vyekundu. Ukisimama mlimani jioni unaona kila kijiji kina mitaa miwili ya taa, mmoja wa walio hai.

"Hata kwetu Moshi Novemba tunawaombea marehemu," Benedicta akasema.

"Kule hata kaburi la mgeni asiye na ndugu halikosi taa. Kuna bibi mmoja, Natalia, huliwashia. Anafuga nyuki." Kisha akanigeukia mimi. "Unajua kuhusu nyuki wa kule? Ng'ombe akifa wanasema kafa. Mbwa wanasema kafa. Lakini nyuki wanasema amefariki, neno lile lile la binadamu. Ni nchi ya kuzuru, mwanangu. Usiiache."

Nimepanda juu nikakaa kitandani na soksi mbichi miguuni, nikajiuliza kwa nini kila sababu ya mtu huyu inaishia chini ya ardhi. Ziwa liko chini. Samaki yuko chini. Sasa makaburi. Dalali gani anauza safari kwa maneno haya? Nimesoma Ayatul Kursiyyu mara tatu, nikampulizia na Benedicta, ambaye alisema "Amina" bila kuuliza.

Kwetu tunajua kwamba jini anaweza kuvaa kanzu, kofia, hata sura ya jirani yako, ila miguu humshinda, hubaki kwato. Sijawahi kuitazama miguu ya Haidar. Kila nikimkuta yuko nyuma ya meza.

Ijumaa, 20 Machi

Nimeogopa kushuka.

Jumanne, 24 Machi

Leo nitaandika yote.

Asubuhi nilishuka nimekusudia. Nikakaa mbele ya Haidar, nikakoroga chai, nikaangusha kijiko makusudi kisha nikainama chini ya meza kukiokota. Nikaona miguu ya mtu, yenye malapa ya bluu na kucha moja iliyong'oka. Nilipumua kwa nguvu mpaka nikajigonga kichwa. Na hapo, nikiwa bado chini, nikamsikia juu yangu:

"Inuka, Kijiko."

Nilidhani anasema juu ya kijiko. Nikainuka nikakiweka mezani. Alikuwa hakitazami. Alinitazama mimi, na macho yake yalikuwa mekundu.

Duniani mtu mmoja tu ndiye anayeniita Kijiko. Nilipokuwa mdogo nilikuwa mwembamba nina kichwa kikubwa, na kaka yangu alinipa jina hilo, na sikumruhusu mwingine yeyote kulitumia, hata mama.

"Nani kakwambia jina hilo?"

"Aliyekupa."

"Unamjua Ghalib!" Nilipiga ukelele mpaka laobanniang akatoka jikoni na kisu mkononi. "Yuko wapi?"

"Yuko Slovenia."

"Hajambo?"

"Ametulia."

"Ana shida gani huko?"

"Hana shida tena."

"Basi mbona hapigi simu?"

"Pale alipo hapana simu. Ni kijiji cha mawe, juu ya bandari. Yule bibi wa nyuki ndiye aliyempokea." Akashika ukingo wa meza. "Nataka uende, Kijiko. Wewe na mama yako. Mkamzuru."

Nililia nikacheka kwa pamoja. Nikamwita Ami. Nilitaka kumbusu mkono, akaurudisha.

"Kaa kidogo, mwanangu. Una mtu wako hapa? Mtu wa kwenu?"

"Nina Benedicta."

"Wa kwenu, namaanisha."

Lakini mimi nilikuwa nimeshafika mlangoni. Miaka mitatu! Na siku zote hizi mtu huyu alikuwa akinieleza nchi anayoishi kaka yangu, na mimi nikimtafuta kwato.

Jumatano, 25 Machi

Nimempigia mama, kwa simu ya duka la jirani, lililo mlango kwa mlango na kwetu. Nimemwambia Ghalib yu hai, yuko Slovenia, kwa bibi mmoja mfuga nyuki. Mama alimpa simu mwingine, na huyo naye akapiga vigelegele masikioni mwangu, na nyuma yake wakaitikia wengine. Sijapata kufurahi hivi tangu nizaliwe.

Nimekwenda Yide Lu nikaagiza picha ya ziwa lile, nyingi kuliko zote. Nikamtaka muuzaji aandike Slovenia chini yake. "Meiyou," akasema, hakuna kitu hicho. "Ruishi." Tukagombana kwa furaha.

Ijumaa, 27 Machi

Nimepiga tena. Swalha amerudisha posa ya mwalimu. Posa, vitu vyote, na neno la asante. Anasema chumba atakipaka rangi.

Jumapili, 29 Machi

Haidar hajaonekana tangu juzi. Benedicta kaniuliza jambo ambalo limenikera: "Dada, ulimuuliza kama ni mzima. Alisema ni mzima?"

Nikamwambia alisema ametulia.

"Ee," akasema, akaendelea kukunja suruali zake.

Jumatano, 1 Aprili

Gundi imeyeyuka. Picha ya chumba cha kulia imejibandua kutoka juu, mlima umeliangukia ziwa na kanisa halionekani. Laobanniang alitaka kuitupa. Haidar, ambaye sikumwona akiingia, akainyanyua akaibandika tena kwa kiganja, polepole, kuanzia miguuni kwenda kichwani, kama mtu anavyomfunika mgonjwa shuka. Nikamwomba anwani ya Ghalib.

"Baada ya Idi," akasema. "Wakikusanyika watu wa kwenu msikitini, nitakupa."

Kwa nini hadi wakusanyike? Sikumuuliza. Naandika hapa kwamba niliogopa kumuuliza.

Jumapili, 5 Aprili

Leo Wachina wana sikukuu yao. Nyumba ilikuwa tupu tangu alfajiri. Mchana laobanniang alirudi na mumewe, viatu vyao vimejaa udongo mwekundu, nguo zinanuka moshi wa ubani, na kikapu cha machungwa yaliyobaki. Akatugawia. Nilimuuliza walikuwa wapi, akaweka viganja chini ya shavu na kufumba macho, kisha akaonyesha ardhi. Wamekwenda kwa wazee wao, kusafisha makaburi.

Tulikuwa tumekaa watatu, mimi, Benedicta na Haidar. Laobanniang alichutama mlangoni akaanza kukwangua udongo kwenye viatu. Haidar akamtazama.

"Leo wenyewe wanazuru," akasema.

Nilikuwa namenya chungwa. Neno lile nimelicheka tangu Februari, nimeliandika humu nikalifanyia mzaha. Leo ndiyo mara ya kwanza lilikaa mahali pake. Nikaliweka chungwa chini.

"Ami Haidar. Siku zote umesema kuzuru."

"Siku zote."

"Hukusema kutembelea hata mara moja."

"Hata mara moja, mwanangu."

"Kuna nini?" Benedicta akauliza. "Mbona sielewi? Kuna nini?"

Haidar akavua kofia yake akaiweka gotini. Kichwa chake kilikuwa cheupe chote.

"Nipe chai," akasema.

Nikammiminia. Aliinywa yote, ya moto, mpaka majani ya chini. Alipoweka kikombe akasema, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," na Benedicta akanishika kabla sijaanguka.

Nilimtukana. Sitaandika niliyomwambia. Nilimwambia kwamba mama yangu amepigiwa vigelegele kwa maiti, kwamba Swalha amerudisha posa na kununua rangi. Aliningoja mpaka nikaishiwa pumzi.

"Nilikula kiapo sitakula wala kunywa cha ndugu zake kabla sijawafikishia amana yao," akasema. "Ulipolitaja jina lake siku ile ya kwanza nilijua ni wewe. Lakini msiba hapewi mtu peke yake, ugenini, hana ndugu wa kumshika. Ndivyo nilivyolelewa. Nikasema nitakuzungusha taratibu mpaka uone mwenyewe, ama mpaka Idi. Wewe ukanikimbilia kwenye simu."

"Ungenizuia!"

"Kwa neno gani? Kulikuwa na neno moja tu la kukuzuia, na hilo ndilo nililoshindwa kulitamka. Nisamehe."

Kisha akanieleza. Walikuwa meli moja. Mafua yale ya Ghalib hayakuwa mafua, yalikuwa mapafu. Walipotia nanga Slovenia alishindwa kusimama, meli ikaondoka, Haidar akabaki naye. Bibi Natalia, asiyejua neno lao hata moja, akawapa chumba kilicho juu ya mizinga. Ghalib alifariki majira ya baridi ya mwaka ule ule. Haidar alimwosha, akamkafini kwa shuka za bibi, akamsalia peke yake. Wakamlaza pembeni ya makaburi ya kijiji, kando ya ukuta, ubavu wa kulia, uso kibla. Haidar alikisia kibla kwa nyota kama afanyavyo melini.

"Tulipotoka kuzika," akasema, "bibi hakuingia ndani. Alikwenda kwenye mizinga. Akagonga mmoja baada ya mwingine, ananong'ona. Nikadhani kachanganyikiwa. Kumbe desturi yao. Mtu wa nyumba akifariki, nyuki huambiwa."

"Nyuki wameambiwa kabla ya mama," nikasema.

"Ndiyo. Jambo hilo ndilo lililoninyima usingizi. Kwetu mimi sijarudi tangu ujana wangu, na sitarudi, kuna sababu zake, na msiba haupelekwi kwa barua. Nikasikia watu wa Unguja sasa wananunua bidhaa huku, nikatafuta meli ya kuja huku."

Akatoa mfukoni mfuko wa plastiki. Ndani ilikuwa kofia ya Ghalib, ile ya harusi aliyoshonewa na Swalha. Katika mji huu mzima ambamo hakuna kitu kikavu, kofia ile ilikuwa kavu.

Jumatatu, 6 Aprili

Benedicta hakwenda Shisanhang. Amepika uji, amekaa nami, ameniacha nilie bila kunihubiria. Nilimhesabu mtu baki tangu nije, naye ndiye aliyekuwa mtu wangu.

Meli ya Haidar imepatikana. Alipokuja kuaga nilimuuliza ile kengele ya kisiwani kama aliivuta.

"Niliivuta."

"Uliomba nini?"

"Nikutane na mtu wa kwao."

Nilimbusu mkono, na safari hii hakuurudisha. Kofia nitampelekea Swalha. Mkono wake ataujua, na kadhi ataiona. Kuhusu mwalimu, nitakwenda mwenyewe nimpigie magoti kama itabidi.

Nilikwenda Yide Lu kuzuia oda. Nimechelewa, wameshafunga na kupakia. Kontena limejaa lile ziwa.

Jumanne, 7 Aprili. Idi

Kuta zimekauka. Nilipoamka nilipapasa ukuta, ukawa ukuta tu.

Baada ya sala wanawake wachache wa kwetu walinizunguka uani, wakanisomea Fatiha, wakanishika. Sasa naelewa kwa nini alitaka kungoja. Saa tisa alasiri, kwao asubuhi, Benedicta alinisindikiza kwenye simu.

Nilikuwa nimejipanga kuanza na ugonjwa, kama tufanyavyo: leo anaumwa, kesho mahututi, keshokutwa ndiyo yenyewe. Mama akaniwahi.

"Idi mubarak, mwanangu! Chumba kimeshapakwa rangi, Swalha kachagua ya samawati. Huyo kaka yako kasali wapi leo huko aliko?"

Ugonjwa ukanitoka kichwani wote.

"Mama," nikasema. "Hiyo nchi ya Ghalib. Nimehadithiwa habari zake nyingi."

"Ehe, nambie."

"Ina ziwa lenye kengele. Ina nyuki. Kuna bibi huko, mtu mwema sana." Benedicta alinibana bega. "Mimi na wewe na Swalha, mama, Mungu akijaalia, inafaa tukaizuru."

Nilisikia watoto wakigombea peremende, na mtu akivuta kiti. Mimi neno hilo lilinichukua msimu mzima kulielewa.

"Umesema tukaizuru," akasema.

"Nimesema hivyo, mama."

Sauti yake iliporudi ilikuwa ndogo, lakini imesimama.

"Wamemlaza kibla?"

"Wamemlaza."

"Nani kamwosha?"

"Mtu wa Malindi, mama. Mtu wa kwetu."

"Alhamdulillahi." Akavuta pumzi, akaishusha. "Basi usilie simuni, pana watu. Usimwambie mwingine. Habari hii niachie mimi."

Hakukata simu. Aliuweka mkono wa simu juu ya kaunta, na kutoka huku Guangzhou nikamsikia akiita, kwa sauti yake ile ile ya kila siku:

"Swalha, mwanangu. Hebu acha hivyo vyombo, njoo ukae hapa karibu yangu. Nikuhadithie habari za nchi moja."